Saini Juu ya Shimo la Mgeta

Jumatatu, 3 Februari

Ripoti ya robo mwaka tena. Dodoma wanataka picha: kabla, wakati, baada. Mfadhili anapenda picha. Nimekaa ofisini toka saa mbili na kompyuta inayojizima yenyewe, naandika "viuatilifu chakavu" mpaka maneno yameniisha ladha. Sumu hizo za wadudu wa shambani huku milimani wanaziita dawa. Ile ya zamani iliyofukiwa wanaiita dawa iliyolala. Neno lao ni zuri kuliko letu, lakini halina kisanduku kwenye fomu.

Mkoa huu nimebakiza kituo kimoja cha kufukua. Shimo la Mgeta. Ushirika wa zamani ulipokufa, waliofunga ghala walifukia magunia ya unga wa dawa nyuma yake, wakapanda migomba juu, wakaenda zao. Chemchemi iko chini yake, na kijiji kizima kinachota hapo. Masika iliyopita ukingo wa mlima ulimeguka, ukakoma hatua chache kutoka shimoni. Ukimeguka tena mwaka huu, unga wote unashuka kwenye ndoo za watu.

Malori na mafundi ni wetu mpaka tarehe 28. Halafu wanahamia mkoa mwingine, na fedha isiyotumika inarudi ilikotoka. Nimeomba kuongezewa siku mara mbili. Wamekataa mara mbili.

Mwezi wa sita natimiza sitini. Nimeomba mkataba wa miaka miwili baada ya kustaafu. Siyo kwa kupenda kazi. Sina pa kwenda, basi.

Magoti yanauma.

Jumatano, 5 Februari

Mgeta na kurudi. Mbwambo dereva hakufunga mdomo toka Mzinga mpaka Mlali. Yeye Mpare, mimi Mchaga wa Machame, kwa hiyo ana haki ya kunitania na anaitumia yote. Leo ameniuliza kama sumu ingekuwa inauzika, Wachaga wangeiacha imelala chini miaka yote hiyo? Nimemwambia Mpare angeishtaki mahakamani kwa kuingia shambani bila hodi. Tumecheka. Kicheko pekee cha wiki.

Juu kule baridi. Malori ya kabichi na karoti za kwenda Dar yameziba njia, tumesubiri sana. Nimekwenda kukagua njia ya kuingilia shimoni. Inapita. Mzee Athumani, aliyetusainia kibali Novemba, hakuwepo. Mkewe, Bi. Zuhura, alikuwa anachambua maharage barazani. Nimemwamkia, ameitikia, hakuniambia nikae. Nikadhani ana mafua.

Ijumaa, 7 Februari

Mkurugenzi kapiga simu mara tatu. Shimo la Mgeta limeshaandikwa kwenye taarifa ya mfadhili kuwa "linakamilika". Hata jembe halijagusa. Nimesema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Nimechoka kusema ndiyo mkuu.

Jumatatu, 10 Februari

Siku mbaya.

Malori yamefika saa nne na mafundi wanane, mapipa, mavazi yao meupe. Juu ya shimo wamekaa wanawake. Ishirini hivi, wazee kwa vijana, miguu wameinyoosha, majembe kando. Hawaimbi, hawapigi kelele. Wamekaa tu kati ya migomba kama wanasubiri mahindi yakauke. Katikati yao Bi. Zuhura.

Nimepiga goti, shikamoo mama. Marahaba. Nimeonyesha kibali, saini, muhuri wa kijiji. Ameitazama karatasi bila kuishika.

"Mmepewa na nani?"

Na mzee, mama. Mzee Athumani.

Wanawake wamecheka. Kicheko kirefu, kibaya. Mmoja amesema Kiluguru na wakacheka tena. Bi. Zuhura hakucheka.

"Athumani kaoa hapa. Hana hata mgomba."

Mafundi wamevua mavazi meupe, wamekaa kivulini mwa lori. Msimamizi wao ameniuliza kama siku ya leo inahesabika. Nimemwambia inahesabika.

Jumanne, 11 Februari

Wamekaa tena. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Anatazama ukutani. Anasema yeye aligonga muhuri kwa sababu saini ilikuwepo. Nikamuuliza kama alijua. Akasema, "Mama Swai, hapa kila mtu anajua."

Hasira. Hasa na nafsi yangu. Miaka kumi na moja nimekaa Morogoro. Hata muuza nyanya wa soko kuu anajua kwamba kwa Waluguru ardhi inafuata mama. Mume anahamia kwa mke, analima ya mke, akifa anabaki mgeni. Nilijua. Nilijua kama watu wanavyojua jina la ugonjwa ambao hawajaugua.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempata Mzee Athumani. Anajificha kwa rafiki yake anayeshona viatu. Toka Jumatatu hapikiwi, anajikaangia viazi mwenyewe. Amekonda kwa siku tatu, au ni aibu tu.

Nimemfokea. Nimemuuliza kwa nini alitia saini kwenye shamba lisilo lake. Amenijibu taratibu kama mtu anayemweleza mtoto:

"Mlikuja na gari ya serikali, mwanangu. Mkanipa kalamu. Hamkuniuliza kama shamba ni langu. Mliniuliza kama nakubali. Mimi nakubali. Mimi pia nakunywa maji yale."

Ni kweli. Fomu inasema "Jina la mkuu wa kaya", kisha "Je, unakubali?" Najua inavyosema. Niliiandika mimi, kwenye semina Dodoma, baada ya chakula cha mchana, tukiwa na usingizi.

Na Novemba Bi. Zuhura alikuwepo. Sasa nakumbuka vizuri. Alituletea chai. Nikasema asante mama, nikamgeukia mzee.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimepanda peke yangu, bila karatasi. Nimekaa chini na wale wanawake. Nusu saa hakuna aliyenisemesha. Kisha Bi. Zuhura akaanza mwenyewe.

Hawakatai sumu kutolewa. Wao ndio wanachota maji. Wanachokataa ni karatasi. "Karatasi iko Dodoma, ina jina la Athumani. Athumani akifa, wapwa zake wanaomrithi wanakuja na karatasi hiyo. Watasema serikali yenyewe inamjua mwenye shamba. Weye utakuwa wapi siku hiyo?"

Nitakuwa wapi. Nimestaafu. Au nimekufa.

Wanataka ile karatasi irudi hapa, yenyewe, siyo kivuli chake. Na mkubwa wa ukoo aje, ndugu wa kiume wa Bi. Zuhura, anayekaa Mlali. Ndipo wanyanyuke.

Nimewaambia mlima unaweza kumeguka. Wameniambia mlima ni wao, wanaujua.

Mawingu yamepanda mapema leo.

Jumamosi, 15 Februari

Nyumbani. Kufua. Simu ya Mkurugenzi wakati nakamua shuka.

Amesema saini ipo, muhuri upo, kisheria tumemaliza. Niende na askari wawili wa wilaya, wanawake watanyanyuka wenyewe, picha zipigwe, tufunge. Kisha, kwa sauti ya chini ya upole, akanikumbusha kwamba ombi langu la mkataba liko mezani kwake wiki hii.

Nimemwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Nakiri hapa maana hapa hasomi mtu: nilitaka kukubali. Askari wawili, siku tatu za kuchimba, sumu imeondoka, watoto wananywa maji safi. Nani angenilaumu? Hata Bi. Zuhura baada ya mwaka angenywa maji yale akasahau.

Asingesahau. Najua watu wasiosahau.

Shuka haijakauka. Unyevu hewani.

Jumatatu, 17 Februari

Mlali. Mkubwa wa ukoo ni Mzee Kibwana, mdogo wake Bi. Zuhura, mfupi, anasikia sikio moja. Nilimtarajia kwenye kiti barazani. Tumemkuta amepanda juu ya paa, anapigilia bati, na mkewe yuko chini anamwambia misumari inakwenda upande. Alishuka akinung'unika.

Nikaanza kwa kusema shamba lake la Mgeta. Akanikata. "La dada zangu. Mimi nasema tu, wao ndio wanakaa." Halafu akaonyesha nyumba aliyokuwa anaipigilia bati. "Hapa na mimi nimeoa. Ukinipa karatasi ya hapa nisaini, nitasaini pia. Mgeni atakataaje?"

Mbwambo kacheka mpaka akaenda kusimama nje. Mkewe Kibwana kacheka. Mimi nilichelewa, lakini nilicheka.

Atakuja Jumapili. Masharti ni yale yale: karatasi ya kwanza iwe mkononi, na barua ya serikali iseme ilikuwa kosa. Iseme hivyo hivyo, kosa.

Njiani Mbwambo alikuwa kimya mpaka Mzinga. Kisha: "Mama, kuuliza si ujinga." Hakuwa anatania.

Jumatano, 19 Februari

Nimeandika barua. Mara nne nimeandika "kulijitokeza changamoto katika upatikanaji wa ridhaa". Mara nne nimefuta. Ya tano:

"Kibali cha shimo la Mgeta kilisainiwa na mtu asiyekuwa na ardhi hiyo. Kosa ni langu. Sikumuuliza mwenyewe, ingawa alikuwepo. Naomba kibali kifutwe na karatasi ya awali irudishwe kijijini."

Nimetuma saa tano na nusu. Nikafunga ofisi nikaenda kunywa chai kwa mama ntilie wa kona. Najiona kama mtu aliyeiba. Lo, uzee wote huu.

Nimekula chapati mbili zote.

Alhamisi, 20 Februari

Dodoma hawajajibu.

Mafundi wako gesti Mgeta, wanacheza bao. Msimamizi ameuliza kama wanaweza kuondoka mapema. Nimesema hapana. Imenyesha manyunyu juu kule alfajiri. Siyo mvua bado.

Ijumaa, 21 Februari

Mkurugenzi amejibu. Kwenye simu, siyo kwa barua. Alianza na kelele. Wakaguzi watasema nini, mfadhili atasema nini, vituo vya mikoa mingine vyote vimetumia fomu hiyo hiyo, je navyo? Nikamwambia ndiyo, navyo.

Mwishowe amekubali. Siyo kwa huruma. Malori yamekwisha kukodiwa na kituo kisichofungwa kinaonekana vibaya kuliko kibali kilichofutwa. Nimalize kabla ya tarehe 28. Barua ya kufuta itatoka leo. Kuhusu lile ombi langu, amesema, nisilisubiri.

Basi. Nilijua. Kujua hakupunguzi.

Mbwambo ameondoka saa sita kwenda Dodoma kuchukua karatasi yenyewe. Hakudai posho. Nimeandika hili kwa sababu hakuna atakayeamini.

Jumapili, 23 Februari

Kikao cha ukoo. Nyuma ya ghala, kwenye nyasi, maana wanawake walikataa kutoka shimoni mpaka jambo liishe.

Mzee Kibwana alisimama akasema maneno mengi kwa Kiluguru, mengine ya kumsema shemeji yake. Mzee Athumani alikaa mbali kidogo, kofia mkononi. Kisha niliitwa. Nilisoma kwa sauti barua ya kufuta kibali, kisha ile niliyoandika mwenyewe. Nilipofika kwenye "kosa ni langu" walinitaka nirudie, kwa kuwa Kibwana alikuwa amenigeuzia sikio bovu. Nimerudia. Nadhani alisikia mara ya kwanza.

Nikampa Bi. Zuhura ile karatasi ya Novemba. Nilidhani ataichana. Kibwana naye alidhani, alishasema ichane. Bi. Zuhura ameikunja ndogo, ndogo zaidi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Nikichana mtachapa nyingine. Hii nakaa nayo."

Kibali kipya kina alama za vidole vya wanawake saba, na saini ya Kibwana kama shahidi. Kwenye "mkuu wa kaya" nimepiga mstari nikaandika kwa mkono: wenye ardhi. Bi. Zuhura aliomba asomewe kila jina. Nikamsomea. Aliomba tena.

Kisha wakanyanyuka, wakajikung'uta, mmoja mmoja. Wengine miguu ilikuwa imekufa ganzi, wakashikana. Mzee Athumani alikwenda kumshika mkewe mkono. Alimruhusu.

Jumatatu, 24 Februari

Wameanza saa moja asubuhi. Migomba imekatwa. Unga umeonekana haraka kuliko tulivyodhani, mweupe, umeshikana kama chokaa ya zamani. Magunia yameoza yote. Harufu imenipanda kichwani. Watu wote nyuma ya kamba.

Wamechimba pia upande wa chini. Unga ulikuwa umeshaanza kutembea. Ulikuwa unakwenda kwenye maji, polepole, miaka yote hiyo.

 

Jumanne, 25 Februari

Mapipa yanajaa. Wingu zito mchana, likapita.

Alhamisi, 27 Februari

Limekwisha. Saa kumi jioni pipa la mwisho limefungwa. Shimo ni udongo mwekundu mtupu sasa. Nimepiga picha wanazozitaka Dodoma. Kabla, wakati, baada. Kwenye "baada" hakuna kitu cha kuonekana, shimo tu na nyayo.

Malori yameshuka kabla giza halijaingia. Nikabaki kumsubiri Mbwambo abadilishe gurudumu lililopasuka. Bi. Zuhura amekuja na mfuko wa njegere, akakaa kwenye jiwe karibu yangu. Kwa mara ya kwanza ameniuliza jambo langu. Kwetu wapi. Nikamwambia Machame, mlimani, Kilimanjaro.

"Weye kwenu una shamba?"

Sina, mama. Lilikuwa la baba. Wamechukua kaka zangu.

"Karatasi ipo?"

Ipo.

"Nani alitia saini?"

Mbwambo alikuwa ameacha kugonga spana.

Mimi mwenyewe, mama.

Hakusema pole. Alinitazama, akafungua mfuko wa njegere, akaongezea viganja viwili kutoka kwenye kapu alilobeba. Kisha akaenda zake.

Ijumaa, 28 Februari

Mwisho wa mpango mkoani hapa. Nimejaza taarifa ya kufunga. Nimeambatanisha fomu mpya na barua kwa mikoa yote, nikiomba warudi kwa kila aliyesaini waulize shamba ni la nani. Watanichukia. Wanichukie.

Jumatatu, 3 Machi

Barua rasmi imefika. Nastaafu Juni, hakuna mkataba. "Tunakushukuru kwa utumishi uliotukuka." Nimeifungia kwenye droo pamoja na kadi za krismasi.

Kichwa kizito. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua toka juzi. Haikatiki. Morogoro yote matope, na milima haionekani kabisa.

Asubuhi Mzee Athumani amepiga simu. Ameniita mwanangu, ameuliza magoti. Kisha amesema usiku ukingo umeporomoka. Umechukua ghala la zamani nusu, na pale palipokuwa na shimo pote pameshuka bondeni, mpaka kwenye chemchemi. Nikakaa kitandani. Amesema tope tu. Jekundu. Wamelizoa kwa majembe, maji yanaanza kutulia, mkewe ameshachota ndoo ya kwanza. Amesema tope tu mara nyingi, kama anayenibembeleza.

Nimemwambia amsalimu mama. Akasema hayupo, ameshuka shambani kwake kuangalia kilichobaki.

Nimepika njegere za mwisho. Nimekula peke yangu.

Siku ile Machame, baada ya arobaini ya baba, meza ilikuwa ya sebuleni, ile yenye kitambaa cha mama. Kaka mkubwa alileta karatasi iliyokwisha chapwa. Juu imeandikwa "Sina pingamizi". Akaweka kalamu juu yake. Shangazi akasema mwanangu saini tukale. Hawakuniuliza kama ni langu. Waliniuliza kama nakubali. Nikakubali, nikala. Nimeishi miaka ishirini na tano na hilo tumboni, nikiandika fomu za watu wengine.

Nimepiga simu kwa kaka. Hajapokea, yuko kanisani.

Nitapiga tena jioni.